Kuunganisha Simu ya Zamani ya Kukunja na Kompyuta: Okoa Yaliyomo Kabla Hayajapotea

Katika nyumba nyingi za Vwawa, Mlowo na vijiji vya Mbozi, simu ya kukunja iliyokwisha kustaafu haitupwi. Huwekwa kabatini pamoja na chaja yake, kwa kuwa ndani yake kumebaki vitu ambavyo mwenyewe hayuko tayari kuvipoteza: namba za wanunuzi wa kahawa, picha za mzazi aliyefariki, au ujumbe wa fedha unaoonesha malipo ya kiwanja. Simu mpya ilinunuliwa na laini ikahamishwa, lakini yaliyokuwa ndani ya simu ya zamani hayakuhama.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida anayetaka kuhamisha yaliyomo katika simu ya aina hiyo kwenda kwenye kompyuta kwa kutumia waya wa USB. Tutaeleza draiva ni nini, kwa nini kompyuta ya leo mara nyingi haiitambui simu ya zamani, hatua za kufuata, na tahadhari za kuchukua ili taarifa zako zisipotee wala zisiangukie mikononi mwa mtu asiyehusika. Msingi wa somo zima ni huu: anza na njia fupi, acha draiva iwe njia ya mwisho, na usifute chochote kwenye simu hadi uhakikishe kuwa nakala inafunguka.

KWA NINI USISUBIRI

Simu ya kukunja ina udhaifu wake. Kioo na vitufe viko katika vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, na mawasiliano kati ya vipande hivyo hupita katika utepe mwembamba wa nyaya uliopenyezwa ndani ya bawaba hiyo. Kila unapofungua na kufunga simu, utepe huo hujikunja. Baada ya miaka mingi huchoka na kukatika, na kioo huwa cheusi au chenye mistari.

Kukatika kwa utepe hakufuti taarifa. Simu huweza kuendelea kuwaka na kulia ilhali kioo hakioneshi kitu. Hata hivyo, simu nyingi humtaka mtumiaji achague kwenye kioo aina ya muunganisho kabla ya kuzungumza na kompyuta. Kioo kikishakufa, uchaguzi huo huwa mgumu. Mwenye simu ambayo kioo chake bado kinaonekana tunamshauri aifanye kazi hii mapema, na wakati wa kazi aiache simu ikiwa wazi badala ya kuikunja na kuikunjua mara kwa mara.

Betri nayo ichunguzwe. Ivue na uilaze mezani. Ikiwa imevimba, inayumba mezani au inatoa majimaji, usiichaji. Tafuta nyingine ya aina hiyohiyo. Betri kufa hakufuti picha wala majina, kwa sababu vitu hivyo vimehifadhiwa katika kumbukumbu isiyohitaji umeme ili kudumu.

Wapo pia wanaodhani kuwa simu yao haina faida tena kwa sababu ilifungiwa mtandao. Mwezi Juni 2016 simu zenye namba tambulishi bandia zilizimwa katika mitandao ya Tanzania, na mwezi Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Hatua hizo zilihusu mtandao pekee. Simu isiyo na mtandao bado huwaka, hufungua picha zake, na huweza kuunganishwa na kompyuta.

YALIYOMO HUKAA WAPI

Kabla ya kutafuta waya au draiva, fahamu kwanza kitu unachotaka kukiokoa kimehifadhiwa wapi. Katika simu za zamani kuna mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni laini yenyewe. Laini huweza kubeba majina na namba, kwa kawaida yapatayo 250 au pungufu, pamoja na ujumbe mfupi michache. Vilivyomo kwenye laini havihitaji kompyuta: hamishia laini kwenye simu nyingine, kisha nakili majina kutoka humo.

Mahali pa pili ni memori kadi. Simu nyingi za kukunja zilizotoka baada ya mwaka 2006 zina nafasi ya kadi ndogo. Picha na sauti zilizohifadhiwa humo hazihitaji draiva ya simu. Izime simu, itoe kadi, uiweke kwenye kisomeo cha kadi, nayo itafunguka kwenye kompyuta kama flashi ya kawaida.

Mahali pa tatu ni kumbukumbu ya ndani ya simu. Hapa ndipo hukaa ujumbe mfupi mwingi, majina ambayo hayakuhifadhiwa kwenye laini, na picha zilizopigwa kwa simu isiyo na kadi. Motorola RAZR V3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ni mfano mzuri: haina nafasi ya memori kadi kabisa, hivyo kila picha iliyopigwa nayo imo ndani ya simu. Kwa vitu vya mahali hapa pa tatu, waya na draiva huwa na kazi.

Jaribu kwanza kuhamisha kutoka mahali pa tatu kwenda pa kwanza na pa pili. Menyu ya simu nyingi ina sehemu ya kunakili majina kwenda kwenye laini, na sehemu ya kuhamishia picha kwenye kadi. Ikiwa simu ina Bluetooth, picha na jina moja moja vinaweza kutumwa kwenye simu mpya bila waya. Fahamu tu kwamba laini hukata majina marefu na kwa kawaida huhifadhi namba moja kwa kila jina. Mteja mwenye namba tatu atabaki na moja, au atatokea mara tatu.

DRAIVA NI NINI

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa fulani. Mfanyabiashara wa Tunduma anayeagiza bidhaa kutoka kwa mtu asiyejua Kiswahili humhitaji mkalimani. Barabara ipo na bidhaa ipo, lakini pasipo mkalimani hakuna anayeelewa la mwenzake. Waya wa USB ni barabara. Draiva ni mkalimani.

Mfumo wa USB ulitangazwa mwaka 1996 kwa lengo la kuwa na aina moja ya muunganisho kwa vifaa vyote. Flashi, kipanya na kibodi hutumia lugha ya pamoja ambayo kila kompyuta imekwisha kufundishwa. Simu za zamani hazikuwa hivyo. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake na programu yake: Nokia ilitumia Nokia PC Suite, Samsung ilikuwa na PC Studio, na Motorola ilikuwa na Phone Tools. Programu hizo zilitengenezwa kwa kompyuta za wakati huo. Kompyuta ya leo haikufundishwa lugha hizo, na kampuni nyingi zimeacha kuziboresha.

Kuna sababu ya pili. Kuanzia toleo la Windows Vista, kompyuta zenye Windows ya biti 64 hukataa draiva isiyo na saini ya kidijiti, yaani uthibitisho wa nani aliyeitengeneza. Draiva nyingi za zamani ziliandikwa kwa biti 32 au hazikuwa na saini hiyo. Kwa sababu hiyo, draiva iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya Windows XP inaweza kukataliwa na kompyuta mpya ingawa simu ni nzima.

WAYA ULIO SAHIHI

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani yake: mbili za umeme na mbili za taarifa. Waya nyingi za bei nafuu zinazouzwa pamoja na chaja zina zile mbili za umeme tu. Simu itaonesha kwamba inachaji, lakini kompyuta haitaona chochote, na mtumiaji ataipoteza siku nzima akitafuta draiva ambayo haikuwa tatizo. Unaponunua waya, mwambie muuzaji kwamba unataka waya wa kuhamisha taarifa, ujaribu dukani kwa simu yoyote inayofunguka kwenye kompyuta, na udai risiti.

Umbo la kichwa cha waya nalo ni muhimu. Motorola nyingi za kukunja hutumia kichwa kidogo kiitwacho mini-USB, ambacho ni kinene kuliko micro-USB ya simu zilizofuata. Nokia za wakati huo zilikuwa na kichwa chao kipana, na Samsung kadhalika. Kichwa kisichoingia kwa urahisi kisilazimishwe, kwa maana tundu likivunjika njia ya waya inakuwa imefungwa.

Tahadhari nyingine inahusu waya za kuigiza zilizotengenezwa kwa ajili ya simu za Nokia. Nyingi zina kipande kidogo cha kielektroniki ndani ya kichwa cha USB, na kipande hicho chenyewe kinahitaji draiva yake. Mtumiaji huweka draiva ya Nokia mara tatu bila mafanikio, kumbe kinachohitaji draiva ni waya. Tutaonesha hapa chini namna ya kulitambua jambo hilo.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua zifuatazo ni za kompyuta yenye Windows, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika ofisi na maduka yetu.

1. Ichaji simu kwa chaja yake hadi ijae. Usitegemee umeme wa kompyuta. Baadhi ya simu za Motorola hukataa hata kuchaji kutoka kwenye kompyuta isiyo na draiva yake.

2. Ivue betri na uandike aina kamili ya simu kama ilivyo kwenye lebo iliyo chini yake. Jina la kampuni pekee halitoshi. V3 na V3i, kwa mfano, si simu moja.

3. Rudisha betri pamoja na laini ya zamani, hata kama laini hiyo imefungwa. Baadhi ya simu hazifungui ujumbe zikiwa hazina laini, na nyingine hufuta orodha ya simu zilizopigwa pindi zinapopewa laini ngeni.

4. Tambua toleo la Windows. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Chunguza pia kama ni ya biti 32 au 64, katika ukurasa wa mipangilio unaoeleza aina ya mfumo wa kompyuta yako.

5. Weka draiva au programu ya kampuni kabla ya kuchomeka simu, kisha uiwashe kompyuta upya. Ukichomeka simu kwanza, Windows inaweza kuipa draiva isiyo yake, na kazi ya kuiondoa ikawa ndefu.

6. Chomeka waya moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta bila kupitia kigawanyaji. Kwa kompyuta ya mezani, tumia tundu la nyuma.

7. Itazame simu. Nyingi zitauliza muunganisho uwe wa namna gani. Simu za bei nafuu zilizotengenezwa China kwa kawaida hutoa machaguo kama Mass storage, COM port na Webcam. Chagua la kwanza ikiwa unataka picha na sauti. Chaguo hili halihitaji draiva ya ziada. COM port hutumika pale unapotaka majina na ujumbe, nalo huhitaji draiva.

8. Fungua programu ya kuhamishia, nakili kila kitu kwenye folda mpya, na uipe folda hiyo jina la mwenye simu na tarehe ya siku hiyo. Usichague sehemu ya kulinganisha simu na kompyuta. Kulinganisha kunaweza kufuta upande mmoja ili ufanane na mwingine. Chagua kunakili tu.

9. Usiuchomoe waya kazi ikiendelea. Ukitumia kompyuta ya mezani, chagua saa ambayo umeme hautetereki, au tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima.

KOMPYUTA ISIPOITAMBUA SIMU

Bonyeza tena kitufe cha Windows na herufi R, andika devmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Utafunguka ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vilivyounganishwa. Chomoa simu, ichomeke tena, na utazame kinachobadilika.

Kama hakuna kinachobadilika kabisa, tatizo liko kwenye waya, tundu au simu. Badilisha waya kwanza. Hakuna draiva itakayoponya waya usiopitisha taarifa.

Kama kimetokea kifaa chenye alama ya njano ya mshangao, waya unafanya kazi na kinachokosekana ni mkalimani. Bofya kifaa hicho mara mbili na usome namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa. Namba 10 maana yake draiva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza. Namba 52 maana yake Windows imeshindwa kuithibitisha saini ya draiva.

Kwenye ukurasa huohuo, katika sehemu ya maelezo ya kina, chagua mstari wa Hardware Ids. Utaona herufi VID zikifuatiwa na tarakimu au herufi nne. Hicho ndicho kitambulisho cha mtengenezaji: 22B8 ni Motorola, 0421 ni Nokia, 04E8 ni Samsung na 1004 ni LG. Ukiona 067B, kompyuta inazungumza na kipande cha kampuni ya Prolific kilichomo ndani ya waya, na draiva unayoihitaji ni ya waya huo. Kwa dakika mbili za kusoma tarakimu hizi utaokoa muda mwingi wa kubahatisha.

Yapo maelekezo yanayomtaka mtumiaji azime ukaguzi wa saini za draiva ili kosa namba 52 liondoke. Hatushauri jambo hilo lifanyike kwenye kompyuta ya kazi au ya familia, kwa kuwa ukaguzi huo ndio unaozuia pia programu hasidi kujipenyeza katika kiini cha mfumo. Njia iliyo salama zaidi ni kutafuta kompyuta ya zamani yenye Windows XP au Windows 7 kwa kazi hii pekee. Kwa kuwa XP iliacha kupokea maboresho ya usalama mwaka 2014, na Windows 7 mwezi Januari 2020, kompyuta hiyo isiunganishwe na intaneti. Pakua draiva kwenye kompyuta nyingine, ihamishe kwa flashi, fanya kazi, kisha uikague flashi kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuirudisha.

MAHALI PA KUPATA DRAIVA

Chanzo cha kwanza ni diski iliyokuja ndani ya boksi la simu. Cha pili ni tovuti ya kampuni iliyotengeneza simu, au ya kampuni iliyotengeneza kipande cha ndani ya waya. Cha tatu ni huduma ya maboresho ya Windows yenyewe, ambayo wakati mwingine huleta draiva bila kuombwa.

Nje ya hapo kuna hatari. Anayetafuta draiva ya simu ya miaka 20 iliyopita hukutana na tovuti nyingi zinazoahidi kuzikagua na kuzirekebisha draiva zote za kompyuta kwa mbofyo mmoja. Baadhi hudai malipo baada ya kuonesha makosa ambayo hayapo. Nyingine hupenyeza matangazo au programu za kuiba manenosiri. Draiva halisi ya simu haikuombi namba ya kadi ya benki, haikuombi namba ya siri ya huduma za fedha, na haikulazimishi kuzima programu ya kuzuia virusi. Ikikuomba mojawapo ya hayo, acha. Faili ulilolipakua na kulitilia shaka unaweza kulichunguza katika tovuti ya VirusTotal kabla ya kulifungua.

UKIIPELEKA SIMU KWA FUNDI

Si kila mtu ana kompyuta, na si aibu kuomba msaada. Wapo mafundi waaminifu na hodari. Hata hivyo, simu ya zamani imebeba taarifa za watu wengi zaidi ya mwenye nayo, na ujumbe wa fedha unaonesha majina, namba na kiasi.

Kabla ya kuikabidhi, toa laini yoyote inayotumika, ikiwa imo. Mweleze fundi kwa maneno yasiyo na utata kwamba unataka kunakili tu. Baadhi ya mafundi huanza kwa kuisafisha simu na kuipa programu upya, kazi inayojulikana mitaani kama kuiflashi. Kuiflashi simu kwa kawaida hufuta kila kilichomo, na mara nyingi hakirudi. Kubaliana bei kabla ya kazi, baki karibu kazi ikifanyika, pokea nakala kwenye flashi yako mwenyewe, na uombe nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya fundi ifutwe mbele yako.

Usikubali fundi abadilishe namba tambulishi ya simu yako. Kubadilisha namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kuihakiki, bonyeza *#06# kabla na baada ya kazi, ulinganishe tarakimu 15 zitakazotokea.

Fahamu pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wajibu kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Picha yako iliyomo kwenye simu haigeuki kuwa mali ya aliyeitengeneza.

UJUMBE WA MALIPO

Huduma za fedha kwa simu zilianza nchini mwaka 2008, wakati simu za kukunja zikiwa bado mikononi mwa wengi. Ndiyo maana katika simu hizi hukutwa ujumbe wa malipo ya shamba, ada au mkopo. Ujumbe wa aina hiyo unaweza kuwa na uzito pale ubishi unapotokea.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inasema kuwa ujumbe wa kielektroniki haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Inapopima uzito wake, mahakama huangalia namna ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Kwa mtumiaji, maana yake ni kwamba nakala ya kwenye kompyuta haiondoi thamani ya simu yenyewe. Baada ya kunakili ujumbe wa malipo, uache ulivyo kwenye simu, izime simu na uitunze pakavu pamoja na betri yake iliyovuliwa. Usiuhariri, wala usiuandike upya na kuutuma kwingine.

Pale draiva inaposhindikana kabisa, upigie picha ujumbe huo kwenye kioo kwa simu nyingine. Hakikisha jina au namba ya mtumaji, tarehe, na namba ya muamala vinasomeka. Aidha, fika kwa mtoa huduma wako na kitambulisho uombe taarifa ya miamala ya laini yako. Taarifa hiyo ikiongezwa kwenye ujumbe uliomo kwenye simu, hoja yako inakuwa na miguu miwili.

BAADA YA KUHAMISHA

Fungua picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho. Fungua faili la majina, ulinganishe majina kumi na yaliyomo kwenye simu. Faili la majina kwa kawaida huishia na herufi vcf, na huweza kufunguliwa moja kwa moja na simu janja. Tengeneza nakala ya pili kwenye flashi tofauti, na uitunze mahali tofauti na ilipo kompyuta. Kompyuta nayo huibiwa, huharibika na kuunguzwa na umeme.

JIPIME

Swali la kwanza: Simu inaonesha kuwa inachaji, lakini orodha ya vifaa kwenye kompyuta haibadiliki. Ufanye nini? Jibu: Badilisha waya kwanza, huenda hauna nyaya za taarifa.

Swali la pili: Picha zote zimo kwenye memori kadi. Je, unahitaji draiva ya simu? Jibu: Hapana. Izime simu, toa kadi na utumie kisomeo.

Swali la tatu: Fundi anasema ni lazima simu iflashiwe ndipo ifunguke kwenye kompyuta. Umjibu nini? Jibu: Mkatalie, chukua simu yako, na utafute mwingine anayeweza kunakili bila kufuta.

MAMBO YA KUKUMBUKA

• Simu kukosa mtandao au betri kufa hakumaanishi kuwa yaliyomo yamepotea.
• Laini na memori kadi hazihitaji draiva; anza navyo.
• Hakiki waya kabla ya kutafuta draiva, na usome tarakimu za VID kabla ya kupakua chochote.
• Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji. Draiva inayoomba namba ya siri si draiva.
• Nakili, usilinganishe. Hakiki, ndipo ufute.
• Ujumbe wa malipo ubaki kwenye simu yake hata baada ya kupata nakala.